Maziwa Yamekatika, Mtindi Haujaganda: Utatuzi wa Matatizo Unapopika na Watoto Wadogo

Mapishi ya maziwa yanawafaa sana watoto. Viungo ni vichache, na mabadiliko yanaonekana kwa macho: maziwa yanaganda, krimu inakuwa siagi, ndimu inatenga mabonge na maji. Lakini maziwa hayana subira na moto. Ndiyo maana malalamiko yanayorudiwa na wazazi na walezi ni yale yale, na mara nyingi lawama humwangukia mtoto aliyeshika mwiko.

Lawama hiyo huwa si haki. Ukifuatilia makosa haya moja moja, mengi yanaanzia kwenye moto au kwenye maziwa yenyewe, kabla mtoto hajagusa kitu. Kosa moja ndilo la mtoto kuliko mengine yote, nalo nimeliwekea sehemu yake hapa chini.

Kabla ya kuwasha jiko

Chemsha vijiko viwili vya maziwa peke yake kwenye kisufuria. Yakikatika yakiwa matupu, yameshaanza kuchacha hata kama harufu bado ni nzuri, na hakuna ujuzi wa kupika utakaoyaokoa. Kama ni maziwa mabichi yaliyotoka moja kwa moja kwa mfugaji, yachemshe yote kwanza. Mtoto mdogo asionje maziwa ambayo hayajapita motoni wala hayajasindikwa kiwandani kwa joto.

Kisha gawa kazi kwa joto, usigawe kwa hatua. Kila kilicho baridi au vuguvugu ni cha mtoto: kupima, kumimina, kukamua ndimu, kutikisa chupa, kukoroga unga na maziwa baridi. Kila kilicho cha moto ni chako. Baadhi ya watu humruhusu mtoto wa miaka minne akoroge sufuria ikiwa jikoni. Mimi sikubaliani nao. Mtoto wa umri huo uso wake uko karibu sana na ukingo wa sufuria, na maziwa hupanda ghafla. Subiri afike miaka sita au saba, asimame kwenye kigoda kisichoyumba, mpini wa sufuria ukiwa umegeuzwa nyuma, na wewe uwe ubavuni pake muda wote.

Dalili: maziwa yanafurika au yanashika chini

Sababu ya kwanza na ya kawaida kabisa ni moto mkubwa. Maziwa yakipata joto, protini na mafuta hutengeneza utando juu. Mvuke unakwama chini yake, unausukuma, na sufuria iliyokuwa imetulia inamwagika kwa sekunde chache. Wakati huohuo protini nyingine zinatua chini, zinashika na kuungua pamoja na sukari ya maziwa.

Sababu nyingine, kwa mfuatano: sufuria imejaa kupita nusu, mwiko unazunguka pembeni bila kufika chini, au sufuria ni nyembamba na joto lake halisambai.

Punguza moto kwanza. Kabla ya kumimina maziwa, suuza sufuria kwa maji baridi na usiifute. Maji yale machache husaidia maziwa yasishike haraka. Tumia mwiko ulionyooka mwishoni, uusukume chini kote na kwenye kona. Kama unahisi chini kunakwaruza, usikwangue. Mimina maziwa yaliyo juu kwenye sufuria nyingine polepole, yaliyoshika yabaki yalipo, halafu onja. Yakiwa na ladha ya moshi, mwaga. Sukari, vanila na mdalasini havifichi ladha hiyo, na mtoto ataikumbuka kuliko wewe.

Dalili: maziwa au sosi imekatika

Anzia kwenye umri wa maziwa, kwa jaribio lile la vijiko viwili. Maziwa freshi yana pH (kipimo cha uchachu: ikishuka, uchachu umepanda) ya karibu 6.7. Kadiri bakteria wanavyokula sukari yake, uchachu unaongezeka, na joto humaliza kazi iliyobaki. Hapa naomba uwe mkali: maziwa yaliyokatika kwa kuharibika si mtindi wala si jibini. Usiyachuje umpe mtoto kwa kuogopa hasara. Hujui ni bakteria gani walioyakata.

Kama maziwa yalikuwa mazuri, angalia kama kuna kitu chachu kilichoingia yakiwa ya moto, kwa mfano nyanya, ndimu au juisi ya tunda. Protini kuu ya maziwa huungana na kuganda pH ikishuka hadi karibu 4.6, na kwenye joto haihitaji kushuka kiasi hicho. Dawa ni kuyatia maziwa unga au wanga yawe mazito kwanza, kuyaepua, kisha kuongeza kitu chachu kidogo kidogo huku ukikoroga. Kumimina kwa mkupuo, jambo ambalo watoto hulipenda, ndiko kunakokata.

Kwa kastadi ya mayai, mkosaji ni joto. Mayai na maziwa huanza kuwa mazito yakikaribia nyuzi 80 za Selsiasi, na yakipita 85 yai linatengana na kuwa chembechembe. Nafasi ni finyu. Usitie mayai kwenye maziwa ya moto; fanya kinyume, mimina maziwa ya moto kwenye mayai, kwa uzi mwembamba, ukikoroga. Mtoto ashike bakuli baridi la mayai na sukari na alipige mpaka rangi ipauke. Wakati wa kumimina, asogee hatua mbili nyuma. Ukiona chembe za kwanza, epua haraka, tumbukiza kitako cha sufuria kwenye beseni la maji baridi, piga kwa mchapo (kifaa cha kupigia mayai), kisha chuja. Hilo huokoa kastadi nyingi. Ikishafanana na mayai ya kukoroga, haiokoleki.

Kuna sababu ya mwisho isiyojulikana na wengi: tunda bichi. Nanasi, papai na kiwi vina vimeng'enya vinavyokata protini. Ukivichanganya na maziwa au mtindi na kuacha, mchanganyiko unatengana na kuwa mchungu. Mtoto akisema "mtindi wangu ni mchungu" baada ya kuutia nanasi, anasema kweli. Mle papo hapo, au chemsha tunda kwanza. Nanasi la kopo halina shida kwa sababu limeshapitishwa kwenye joto, na ndizi na embe hazikati maziwa kwa njia hiyo.

Dalili: kastadi ilikuwa nzito, sasa imekuwa maji

Hili ndilo kosa lile moja la mtoto, na ndilo ninalolipenda kuliko yote kwa sababu lina somo ndani yake. Kastadi ya wanga imetoka jikoni nzito, imepoa kidogo, kila mtu ameonja. Baada ya muda mfupi imelegea na inachuruzika kwenye kijiko.

Uliza kwanza: kuna kijiko kilichotoka mdomoni kikarudi kwenye bakuli? Mate yana kimeng'enya kinachoitwa amilesi, na kazi yake ni kukata wanga. Wanga ndio ulioshikilia kastadi. Kijiko kimoja kilicholambwa na kurudishwa kwenye kastadi vuguvugu kinatosha kuanza kuilegeza.

Ukishapata jibu, usigombe, onyesha. Weka kastadi vuguvugu kwenye vibakuli viwili. Kimoja kikorogwe kwa kijiko kisafi, kingine kwa kijiko ambacho mtoto amekilamba vizuri. Subirini, kisha mvitazame pamoja. Hakuna maelezo ya mdomo yatakayoweka sheria ya vijiko viwili, cha kupakulia na cha kuonjea, kichwani mwa mtoto wa miaka mitano kama vibakuli hivyo. Kilichokorogwa kwa mate kiliwe hapohapo na mwenye mate yake, kisirudi kwenye friji, kwani pamoja na kimeng'enya kimepata bakteria wa mdomoni.

Kama hakuna kijiko kilichorudi, angalia kiini cha yai. Nacho kina amilesi. Kastadi yenye wanga na viini pamoja lazima ifike mahali ipige mapovu mazito, na ukoroge dakika moja au mbili zaidi. Wanga huyalinda mayai yasikatike, kwa hiyo usiogope mchemko huo. Ukiepua mapema, kastadi itaonekana nzuri mezani na kuwa maji kwenye friji usiku.

Sababu ya tatu ni kukoroga kwa nguvu baada ya kastadi kushikana. Wanga ukiganda na kuvunjwa, haurudi. Hii nayo ni ya kawaida jikoni penye watoto, ila haina madhara zaidi ya muonekano.

Dalili: madonge kwenye sosi au kastadi

Wanga au unga mkavu umekutana na kitu cha moto. Punje za nje zimevimba kabla ya ndani kulowa, basi. Unga wa kastadi na wanga wa mahindi ukorogwe kwanza kwa maziwa baridi mpaka uwe laini. Kazi hiyo ni ya mtoto kabisa, na atajua amemaliza pale kidole chake kitakapopita kwenye kitako cha kikombe bila kuhisi chembe. Kwa sosi nyeupe, gramu 30 za siagi na gramu 30 za unga zinatosha nusu lita ya maziwa: yeyusha siagi, kaanga unga dakika moja au mbili, kisha tia maziwa kidogo kidogo. Madonge yakishatokea, piga kwa mchapo. Yakikataa, chuja na uendelee.

Dalili: mtindi haujaganda

Ukikuta maziwa bado ni maziwa baada ya kungoja kwa muda wa saa sita, usimwage kwanza. Nusa. Kama yana harufu nzuri ya kawaida, pitia haya:

1. Yalipoa mno. Bakteria wa mtindi hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 43 hadi 45. Chombo kikikaa kwenye meza yenye upepo, wanalala. Kiweke ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, funika kwa taulo nene, ongeza saa mbili au tatu.

2. Mtindi wa kuanzishia hauna bakteria hai. Mtindi uliochemshwa tena baada ya kuganda, ambao kiwandani hufanywa ili udumu muda mrefu, hauanzishi chochote. Soma lebo. Uliokaa sana kwenye friji nao huwa dhaifu. Vijiko viwili vya chakula vya mtindi mpya vinatosha lita moja.

3. Maziwa yalikuwa ya moto mno ulipoutia. Yakizidi nyuzi 50 hivi, bakteria wanaanza kufa, na kilichobaki ni maziwa matamu yanayokaa kwenye joto bila mlinzi. Kama huna kipimajoto, mtu mzima adondoshe tone kwenye kifundo cha mkono: lihisike joto la kupendeza, lisichome. Jaribio hili si la mtoto.

4. Chombo kimesogezwa. Kila mtoto anataka kufunua na kutikisa aone. Mtindi unaoganda ukitikiswa hukatika na kuachia maji. Kinachosaidia ni kuweka kikombe kimoja kidogo cha kuonea pembeni. Mtoto aruhusiwe kufunua hicho tu.

5. Maziwa hayakuchemshwa vya kutosha mwanzoni. Kuyafikisha nyuzi 85 na kuyaacha hapo kwa dakika kadhaa hubadilisha protini zake na kufanya mtindi uwe mzito. Maziwa yaliyopashwa tu yataganda, lakini mepesi.

6. Mara chache, ng'ombe alikuwa kwenye dawa za kuua bakteria na mabaki yamo kwenye maziwa. Kama umebadilisha kila kitu na maziwa ya chanzo kilekile bado yanagoma, badilisha chanzo.

Ukishangoja kwa muda wa saa 12 na bado hakuna uzito wala uchachu, mwaga. Maji ya manjano juu ya mtindi ulioganda ni ya kawaida. Koroga au mimina. Lakini ukiona rangi ya waridi, kijani au nywele za ukungu, mwaga chombo kizima. Kuondoa sehemu iliyoharibika kwa kijiko hakutoshi, maana ukungu huwa umeshapenya kusikoonekana.

Dalili: jibini laini halishikani

Kipimo ni lita moja ya maziwa kwa vijiko viwili hadi vitatu vya chakula vya maji ya ndimu au siki. Tazama maji, usitazame mabonge. Maji yakiwa bado meupe, kazi haijaisha: ama maziwa hayakuwa ya moto vya kutosha, ama uchachu ni mdogo. Rudisha kwenye moto mdogo mpaka yakaribie kuchemka, ongeza kijiko kimoja, koroga mara mbili tu, kisha acha dakika tano. Maji yaliyotengana vizuri huwa manjano-kijani na unaona kupitia kwake.

Kama maji ni safi lakini punje ni ndogo kama mchanga, angalia maziwa. Maziwa ya boksi yanayokaa miezi bila friji yamepitishwa kwenye joto kali sana, na protini zake hazishikani vizuri. Au mkorogaji alichangamka mno.

Jambo moja la kuwa makini nalo: bonge likishafungwa kwenye kitambaa, nje hupoa mapema lakini ndani hubaki na maji ya moto. Mtoto akilikamua, maji hayo yanamtiririkia viganjani. Lining'inizwe angalau nusu saa kabla hajaligusa. Jibini hili halidumu. Liweke kwenye friji na mlimalize ndani ya siku mbili au tatu.

Dalili: krimu haigeuki siagi

Mara nyingi haijagoma, mmeacha mapema. Krimu hupitia hatua ambayo inajaa chupa nzima na haisikiki tena ikitikisika. Watoto husema imekwisha, na wazazi hukubali. Endeleeni. Ghafla itaanguka, maji yatasikika, na bonge la manjano litaonekana. Badilishaneni, kwani mikono midogo huchoka.

Kama mmeshapita dakika 20, angalia mafuta: krimu iwe na angalau asilimia 30. Kisha joto. Ikiwa imetoka friji sasa hivi, mafuta ni magumu mno kushikana. Iache nje dakika chache. Ikiwa ya joto, inakuwa kama mafuta yaliyoyeyuka, ipoze. Mwisho, chupa isijazwe kupita nusu, kwani bila nafasi hakuna mtikisiko. Tumia chupa ya plastiki yenye kifuniko kinachokaza, si ya kioo.

Siagi isipooshwa huchacha upesi. Iminyeni kwenye maji baridi na kubadilisha maji mpaka yatoke safi.

Dalili: mtoto amechoka katikati, au hataki kula alichopika

Hatua ya kungoja ni ndefu mno kwake. Chagua siagi au jibini kwa mtoto wa miaka mitatu, maana matokeo huonekana siku hiyohiyo, ndani ya kikao kimoja. Mtindi unahitaji usiku mzima. Akikataa kula, acha. Kumlazimisha kumalizia bakuli kwa sababu "umepika mwenyewe" kunaharibu kazi yote ya asubuhi. Atakayeonja ncha ya kijiko leo huenda akala bakuli mara ijayo.

Dalili zinazokuamuru uache kupika

Mwili wa mtoto. Mabaka yanayowasha, midomo au kope kuvimba, au kutapika muda mfupi baada ya kuonja kunaweza kuwa dalili za mzio, kwa mfano wa protini ya maziwa. Acheni hapo, usimpe tena "kuhakikisha", nenda kwa daktari. Akipumua kwa shida, akikoroma kifuani, akilegea au ulimi ukivimba, hiyo ni dharura: piga simu ya huduma ya dharura au mkimbize hospitali sasa hivi. Tumbo kujaa gesi na kuharisha saa kadhaa baadaye kunaweza kuwa ni sukari ya maziwa isiyomeng'enywa. Si dharura, lakini nako kunahitaji daktari kabla ya kumfutia maziwa yote. Mtoto asiyetimiza miezi 12 asipewe asali kwenye mtindi hata kidogo, kwa hatari ya sumu ya botulinamu. Na jibini iliyoyeyuka na kuvutika, au vipande vya mraba vya jibini ngumu, vinaweza kumpalia mtoto mdogo. Katakata vidogo, na ale akiwa amekaa.

Kuungua. Maziwa ya moto yakimmwagikia, mvue nguo iliyolowa kama haijashika ngozi, na uweke sehemu hiyo chini ya maji ya bomba ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Mfunike sehemu nyingine asipate baridi. Usipake siagi, mafuta, dawa ya meno wala barafu, na usipasue malengelenge. Kama ni usoni, mkononi, mguuni, kwenye kiungo au sehemu za siri, kama ngozi imetoka malengelenge au imekuwa nyeupe, au kama eneo ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, mpeleke hospitali baada ya kupoza. Mtoto wa chini ya mwaka apelekwe hata kama jeraha ni dogo.

Jiko. Maziwa yakifurika yakazima moto wa gesi, funga gesi, fungua madirisha, mtoe mtoto nje, na usiguse swichi yoyote. Subiri harufu iishe kabisa. Harufu ikiendelea ilhali umefunga, toka na uite fundi wa gesi. Moto ukiwa wa manjano siku zinazofuata, matundu ya jiko yameziba kwa maziwa yaliyokauka. Yasafishe jiko likiwa baridi na gesi imefungwa, na rangi ya bluu isiporudi, ni kazi ya fundi. Jiko la umeme lililoingiwa na maziwa kwenye vibonyezo: zima kwenye soketi kuu, usilichokonoe kwa kisu wala kuliwasha ili likauke, na lisitumike mpaka fundi umeme alifungue.